Ruzuku Ndogo za Utafiti wa Bahari na Elimu ya Jamii za Pwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi, mwalimu, kikundi cha wavuvi, wakulima wa mwani au asasi ndogo inayotaka kuomba fedha za kuchunguza bahari na kuelimishana na watu waishio kando yake. Majibu yametokana na kusoma maandiko ya miradi, kukaa na waombaji wakati wa kuyaandika, na kufuatilia kilichotokea baada ya fedha kutoka. Kila mfadhili ana masharti yake. Pale yanapopishana na yaliyomo humu, fuata ya mfadhili.

Ruzuku ndogo ni nini hasa?

Ni fedha zisizorudishwa, zinazotolewa kwa kazi moja yenye mwanzo na mwisho, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Udogo wake hutofautiana sana. Kwa mfadhili mmoja ni dola elfu chache za kukodi mashua na kununua vifaa vya mtafiti mmoja. Kwa mwingine ni makumi ya maelfu. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, inayoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 1992, kwa miaka mingi iliweka ukomo wa dola 50,000 za Marekani kwa mradi, na fedha zake huenda moja kwa moja kwa vikundi na asasi za wananchi.

Waombaji wengi huona ruzuku ndogo kama ruzuku kubwa iliyopunguzwa. Wanachukua andiko la mradi wa miaka mitano, wanalipunguza kurasa, wanashusha bajeti na kuacha malengo yote kama yalivyokuwa. Andiko la namna hiyo hujulikana tangu ukurasa wa kwanza. Nguvu ya ruzuku ndogo iko kwingine: inaweza kushughulikia swali moja, la ufukwe mmoja, ambalo wafadhili wakubwa hawatalifikia kamwe.

Nani hutoa fedha hizi?

Mifuko ya hifadhi, jumuiya za wanasayansi, vyuo vikuu, mashirika ya kimataifa na baadhi ya serikali. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku kwa hatua: unaanza na ndogo, ukiifanyia kazi vizuri unaruhusiwa kuomba inayofuata. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao makuu Zanzibar, ina mpango uitwao MARG unaowalenga watafiti wa ukanda huo. Marekani ina mtandao wa Sea Grant uliotokana na sheria ya mwaka 1966, baada ya mwanasayansi Athelstan Spilhaus kutoa wazo hilo mwaka 1963. Hata usipokuwa na sifa ya kuomba huko, muundo wa Sea Grant unafaa kuujua, kwa kuwa unaweka utafiti, elimu na ushauri kwa watu wa pwani chini ya paa moja. Wafadhili wengi wa sasa wanatafuta mchanganyiko huo huo.

Je, ni lazima niwe na shahada ya sayansi ya bahari?

Inategemea. Ruzuku za jumuiya za wanasayansi kwa kawaida hudai mwombaji awe mwanafunzi wa shahada ya juu au mtafiti. Za vikundi vya jamii hudai usajili, akaunti ya benki na viongozi wanaofahamika, bila kuuliza vyeti vya mtu. Kama ninyi ni kikundi na hamna mtafiti, tafuteni mmoja wa chuo au taasisi ya uvuvi awe mshauri, na barua yake iambatanishwe. Kama wewe ni mtafiti, barua ya kikundi cha eneo hilo ina uzito uleule. Barua nzuri hueleza nani atafanya nini. Ile ya "tunaunga mkono mradi huu muhimu" haimwambii lolote msomaji anayepima maombi kwa niaba ya mfadhili.

Swali gani la utafiti linafaa kwa ruzuku ndogo?

Linalofaa ni lile ambalo jibu lake litambadilishia mtu uamuzi. Jiulize: nikishapata jibu, nani atafanya jambo tofauti kesho yake? Kama huwezi kumtaja mtu huyo, swali bado halijaiva.

Chukua mfano wa pweza. Kwenye kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, wavuvi walikubaliana mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaifungua. Waliorudi kuvua walikuta pweza wakubwa zaidi, habari ikasambaa, na vijiji vya jirani vikaiga. Jambo hilo liliwezekana kwa muda mfupi kutokana na maumbile ya mnyama mwenyewe. Pweza wa miambani huishi muda mfupi, kwa kawaida chini ya miaka miwili, huongezeka uzito upesi mno, na jike hufa baada ya mayai kuanguliwa. Ukifunga mwamba miezi mitatu, mzani utakuonyesha tofauti siku ya kufungua. Swali la "je, kufunga mwamba huu kunaongeza uzito wa pweza wanaovuliwa?" linaingia ndani ya mwaka mmoja wa ruzuku, linahitaji mzani, daftari na watu wa kupima, na jibu lake linawahusu watu wanaojulikana kwa majina.

Sasa linganisha na chewa. Chewa huchukua miaka kukomaa, na wengi wa jamii yao huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi hugeuka kuwa madume wakishakua. Mtu akiahidi kwamba katika miezi kumi na miwili ataonyesha chewa wameongezeka kwa sababu ya eneo lililofungwa, msomaji mwenye uzoefu ataweka andiko pembeni. Hakuna ubaya kumtafiti chewa kwa ruzuku ndogo, ila swali liwe la kadiri yake: wanavuliwa wakiwa na urefu gani, na wangapi kati yao hawajawahi kuzaa? Hilo linajibika, na lina faida kubwa kwa wanaopanga ukubwa wa matundu ya nyavu na ndoana.

Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, weka maisha ya kiumbe unayemchunguza sambamba na muda wa ruzuku. Visipolingana, badilisha swali.

Kuna pia kazi ambazo hazitoi jibu ndani ya mwaka lakini zinastahili fedha, kwa sababu zinajenga msingi wa kulinganishia baadaye. Joto la maji ni mojawapo. Matumbawe huanza kuwa hatarini joto linapozidi kwa nyuzi 1 ya Selsiasi wastani wa mwezi wenye joto zaidi wa mahali hapo, na likikaa hivyo kwa wiki kadhaa hupauka. Tumeona upaukaji wa dunia nzima mwaka 1998, 2010, tena kati ya 2014 na 2017, na wa nne ukathibitishwa Aprili 2024. Vipimo vya setelaiti vinasoma uso wa bahari. Havioni kinachotokea kwenye mkondo mwembamba au nyuma ya mwamba. Kifaa kidogo cha kurekodi joto kilichofungwa chini kinaona. Ukiomba fedha za kazi hii, sema wazi kwamba unaanza kumbukumbu, na utaje nani ataendelea kuvibadilisha betri vifaa hivyo utakapoondoka.

Sehemu ya elimu ni ya lazima? Mimi ni mtafiti, si mwalimu.

Kwa ruzuku zinazotaja jamii katika jina lake, ndiyo. Na hata pale isipotajwa ningekuomba uiweke, maana bila hiyo utafiti wako utabaki kabatini.

Sehemu hii ndiyo dhaifu zaidi katika maandiko mengi. Aya mbili za mwisho husema "semina itafanyika, vipeperushi vitasambazwa, fulana zitagawiwa." Hakuna anayeeleza semina itafundisha nini, nani ataihudhuria na atatoka akijua nini ambacho hakukijua. Mradi ukichelewa, elimu ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa sababu iliwekwa mwisho.

Iweke mwanzo. Kisiwa cha Apo, Ufilipino, kinatajwa duniani kote kwa eneo lake dogo la hifadhi, na watu husahau ilivyoanza. Watu wa Chuo Kikuu cha Silliman, wakiongozwa na mwanabiolojia Angel Alcala, walitumia miaka wakizungumza na wavuvi wa kisiwa hicho kabla ya eneo lolote kufungwa. Wakawachukua baadhi yao hadi kisiwa cha Sumilon, ambako tayari kulikuwa na hifadhi, wakajionee samaki kwa macho yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 familia chache ndizo zilizokubali kuanza. Mafunzo yalitangulia, mipaka ikafuata, na waliolinda eneo hilo walikuwa wavuvi wenyewe.

Vifaa vya kufundishia havihitaji kuwa vya gharama. Ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako na kubandikwa kioo au plastiki angavu kwa gundi isiyopenya maji ni kifaa bora kuliko vyote ninavyovijua. Unaibonyeza kidogo majini ukiwa umeegemea ubavu wa mtumbwi, mawimbi ya juu yanapotea, na chini unaona kila tawi la tumbawe, kila nyasi, na samaki anayejificha. Mzee asiyeweza tena kuzamia anaona. Mtoto asiyejua kuogelea anaona. Nimewaona wazee waliovua sehemu moja maisha yao yote wakiinama juu ya ndoo hiyo wakaanza kueleza mwamba ulikuwaje zamani, na maelezo hayo yakawa kumbukumbu ya hali ya kale ambayo hakuna mtafiti aliyekuwa nayo.

Angalia pia kalenda ya maji. Wanaookota chaza, pweza na kombe huingia bahari inapokupwa sana wakati wa bamvua. Mkutano ukiwekwa siku hiyo, wanaohusika zaidi, wengi wao wanawake, hawatakuwapo, na ripoti itasema mahudhurio ya wanawake yalikuwa madogo.

Data zinazokusanywa na wanajamii zinaaminika kweli?

Zinaaminika zikikusanywa kwa njia ileile kila mara. Tazama Seagrass-Watch, iliyoanzia Queensland, Australia, mwaka 1998, kwa ajili ya nyasi bahari. Eneo la mita 50 kwa 50 linawekewa mistari mitatu ya mita 50, iliyoachana mita 25. Kwenye kila mstari, kila baada ya mita 5, unaweka chini fremu ya mraba yenye upande wa sentimita 50, unapiga picha, unakadiria nyasi zimefunika asilimia ngapi, unaandika aina na kupima urefu wa majani. Jumla ni fremu 33. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufanya hivyo baada ya mafunzo mafupi, akiwa na karatasi ya picha za kulinganishia asilimia ili macho yake na ya mwenzake yasipishane. Reef Check, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya matumbawe, ina utaratibu wa aina hiyo kwa wazamiaji wa kujitolea.

Kwenye andiko eleza utakavyohakiki: watu wawili wakadirie fremu ileile bila kuambiana, na tofauti yao iandikwe. Sentensi hiyo moja humtuliza msomaji kuliko ukurasa mzima wa kusifia ushirikishwaji. Na usibuni utaratibu wako kama upo unaotumika kwingine, kwa kuwa ukitumia wa wengi namba zako zitalinganishwa na za wengi.

Bajeti iandikweje?

Anza na idadi ya siku za baharini, si na orodha ya vifaa. Kama kazi yako inahitaji maji yaliyokupwa sana mchana, utapata siku chache tu nzuri kila baada ya wiki mbili hivi, na baadhi ya hizo upepo utazichukua. Hesabu siku unazozihitaji, ongeza za kufidia hali mbaya ya hewa, kisha zidisha kwa mashua, mafuta, nahodha na chakula. Hapo ndipo fedha nyingi zitakapokwenda, na hapo ndipo wengi hupunja. Kisha wanabaki na kamera nzuri ya chini ya maji na hawana mafuta ya kuifikisha mwambani.

Maji ya chumvi hula kila kitu. Weka fungu la betri, pete za mpira za kuzuia maji, kamba, maboya na vipuri. Kifaa kilichofungwa mwambani kinaweza kuzolewa na dhoruba au kung'olewa na nyavu, kwa hiyo nunua cha akiba na ueleze sababu.

Wanajamii wanaopima na kuandika walipwe. Mtu anayeacha kuvua siku nzima ili akuandikie urefu wa samaki amepoteza kipato cha siku hiyo. Baadhi ya wafadhili hawalipi mishahara, lakini wengi hukubali posho ya kazi ya uwandani ikielezwa vizuri. Gharama za uendeshaji za taasisi yako nazo mara nyingi hazikubaliwi kwenye ruzuku ndogo. Uliza kabla, ili chuo kisije kukata asilimia yake juu ya fedha ambazo hazikuhesabiwa hivyo.

Risiti ni tatizo la kweli sehemu nyingi. Mwenye mtumbwi hana kitabu cha risiti. Andaa hati ya malipo yenye jina, kiasi, tarehe, kazi iliyofanyika na sahihi au alama ya kidole, na mwombe mfadhili aikubali kwa maandishi kabla ya kazi kuanza.

Vibali gani vinahitajika?

Vinne kwa kawaida: kibali cha utafiti kutoka mamlaka ya sayansi ya nchi, ruhusa ya hifadhi kama utaingia eneo la hifadhi, idhini ya maadili kama utawahoji watu, na ridhaa ya jamii yenyewe. Hiyo ya mwisho haina fomu, na bila hiyo zile tatu hazitakusaidia ufukweni.

Ukitaka kupeleka sampuli nje ya nchi, mambo huongezeka. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), farasi wa baharini nao tangu 2004, na kasa wote wa baharini wako Kiambatisho cha I. Kipande cha tumbawe chenye ukubwa wa ukucha nacho kinadai hati. Kuna pia Itifaki ya Nagoya, inayotumika tangu Oktoba 2014, juu ya vinasaba na mgawanyo wa faida zitokanazo navyo. Kwa ruzuku ndogo ushauri wangu ni mmoja: panga uchambuzi ufanyike nchini. Vibali vya kusafirisha vinaweza kumaliza nusu ya muda wako.

Omba vibali mapema, na kwenye andiko taja umefikia wapi.

Kuhusu usalama majini?

Jaketi okozi kwa kila mtu, mawasiliano, mtu aliyebaki nchi kavu akijua mtarudi saa ngapi, na hakuna anayezamia peke yake. Viwe ndani ya bajeti. Nahodha akisema leo haturuhusiwi na bahari, siku hiyo imekwisha.

Data ni za nani mradi ukimalizika?

Wafadhili wengi hutaka ziwekwe wazi, kwa mfano kwenye OBIS, hifadhidata ya viumbe wa bahari iliyo chini ya Tume ya Bahari ya UNESCO. Jambo hilo ni jema, na nalitetea. Lakini kuna taarifa zinazoumiza zikitoka ovyo: mahali samaki wanapokusanyika kuzaa, viota vya kasa, mwamba wenye majongoo bahari wengi. Hizo zinaweza kuwekwa kwa ukubwa wa eneo badala ya nukta kamili. Kubalianeni na wanajamii kabla, na makubaliano yaandikwe.

Nakala ya kwanza ya matokeo iende kwao, kwa lugha yao, kabla ya makala ya jarida. Karatasi moja kubwa ukutani mwa mnada wa samaki, yenye mchoro mmoja unaosomeka, husomwa na watu wengi kuliko makala.

Matokeo yakiwa kinyume na nilivyotarajia, nitadaiwa fedha?

Hapana. Ulifadhiliwa ili upate jibu. Kama kufunga mwamba hakukuongeza chochote, andika hivyo na ueleze unavyodhani ni kwa nini. Kinachoweza kukuletea matatizo ni kuficha, au kukaa kimya.

Kazi ikichelewa?

Andika mapema, ukiwa bado na fedha mkononi, na upendekeze ratiba mpya. Dhoruba, ugonjwa na kibali kilichokwama ni sababu zinazoeleweka. Barua inayokuja wiki moja baada ya tarehe ya ripoti kupita ndiyo humfanya mfadhili asiwe na imani tena.

Ripoti ya mwisho iweje?

Fupi, yenye namba mlizoahidi na namba mlizozipata, zikiwa pembeni kwa pembeni. Kwenye elimu, idadi ya waliohudhuria haitoshi. Waulizeni watu maswali matatu au manne kabla ya mafunzo, na yaleyale miezi michache baadaye. Picha ziwekwe kwa ruhusa ya waliopigwa, hasa watoto.

Fedha zikiisha, kazi nayo inaisha?

Si lazima. Katika Ghuba ya Gazi, Kenya, watafiti walipima mikoko kwa miaka mingi kabla ya mradi wa Mikoko Pamoja kuanza mwaka 2013. Mradi huo unahusu hekta 117, huuza hati zinazothibitisha hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu, na mapato yamesaidia maji na shule za vijiji vya hapo. Bila vipimo vya miaka ile ya nyuma kusingekuwa na cha kuuza. Si kila mradi utapata soko la namna hiyo, na usiahidi hivyo kwenye andiko. Ahidi kitu kidogo kilicho ndani ya uwezo: daftari litabaki kwa nani, fremu na mikanda ya kupimia vitatunzwa wapi, na mwalimu gani ataendelea kuwapeleka wanafunzi kila muhula.

Nimekataliwa. Nifanye nini?

Omba maoni ya wasomaji, kwa heshima na kwa ufupi. Wengi hujibu. Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi: swali kubwa kuliko fedha, siku za baharini zisizotosha, au jamii iliyotajwa bila mtu hata mmoja kutoka ndani yake. Yote matatu yanarekebishika. Rudi kwa kikundi mlichoandika nacho, wasomee maoni hayo, na mwamue pamoja kama swali libaki au libadilike. Kisha angalia tarehe ya awamu inayofuata na uanze na barua za vibali, maana hizo ndizo huchukua muda mrefu.